Mtu Asiyeweza Kufa: Habari za Kitabu cha Picha Kitokacho Japani

Katika likizo iliyopita mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, alikuja kukaa kwangu hapa Port Bell. Alikuja na sanduku la nguo na kitabu kimoja kinene kilichojaa picha tangu mwanzo hata mwisho. Kila jioni, wachuuzi wa samaki walipoanza kuwasha taa zao, yeye alikaa barazani akasoma. Nilimwona akikifungua kitabu kwa nyuma na kufuata picha kutoka kulia kwenda kushoto, nikadhani anacheza. Nikamwuliza, "Mwanangu, kitabu hicho hukukishika kinyume?" Akacheka, akasema, "Hapana, Mjomba. Hiki ni cha Wajapani. Wao huanzia pale tunapomalizia sisi."

Kicheko chake kilinifurahisha, maana kwa muda wa miezi mingi hakuwa amecheka. Rafiki yake mmoja, waliyekuwa wakiketi naye dawati moja, alikufa maji humu ziwani. Mtumbwi aliopanda kutoka visiwani ulipinduka usiku kwa dhoruba. Tangu siku hiyo mpwa wangu hakupenda kushuka mpaka ufukoni, na akitumwa kununua samaki alipita njia ya juu, mbali na maji.

Siku ya tatu aliniuliza swali. "Mjomba, ukipewa dawa ya kutokufa kabisa, utainywa?" Nilimjibu kwamba sitasema neno mpaka nimekisoma kitabu chake. Basi nikakisoma. Haya niandikayo ndiyo niliyoyaona humo. Nayaandika kwa sababu mbili. Kwanza, najua wanafunzi wengi siku hizi wanavisoma vitabu vya namna hii. Pili, sisi tuliomaliza shule zamani tumezoea kuviona kuwa vitu vya kuchezea, na pengine tunawanyang'anya watoto bila ya kutazama kilichomo ndani.

MANGA NI NINI?

Wajapani huita vitabu hivi manga. Ni hadithi zinazosimuliwa kwa picha zilizopangwa katika vyumba vidogo vidogo juu ya ukurasa, na maneno ya wasemaji yameandikwa ndani ya viduara. Jambo hili si geni kwetu. Wazee wengi wa Afrika ya Mashariki walifungua gazeti la Taifa Leo wakimtafuta kwanza Juha Kalulu, yule aliyechorwa na Edward Gitau, kabla ya kusoma habari za Bunge. Tofauti ni kwamba Juha Kalulu alimaliza visa vyake katika vyumba vichache, na manga yaweza kwenda kurasa elfu kadha, kama riwaya ndefu.

Msomaji anayeanza na aanze chumba cha juu upande wa kulia, aende kushoto, kisha ashuke. Wale waliosoma chuoni hawatapata taabu, maana Kurani husomwa hivyo, na hata Kiswahili chetu chenyewe kwa karne nyingi kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia. Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba si kila picha ina maneno. Mahali pengine mchoraji ananyamaza kusudi, nawe yakupasa utazame. Mwenye haraka ya kufungua kurasa hupitwa na nusu ya hadithi.

MTUNGAJI WAKE

Kitabu cha mpwa wangu kilitungwa na Bwana Osamu Tezuka, aliyezaliwa mwaka 1928 katika jimbo la Osaka. Alikuwa kijana wa miaka kumi na sita vita vikuu vya pili vilipokuwa vikiisha, akafanya kazi katika kiwanda cha vita huko Osaka, akaponea chupuchupu mabomu yalipoangushwa juu ya mji mwaka 1945. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo mabomu ya atomu yaliangushwa juu ya Hiroshima na Nagasaki.

Tusidhani kwamba habari hizo ni za mbali tu. Sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumika katika kazi ile ya mabomu ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, nchi ambayo watu wake husema Kiswahili. Na askari wa King's African Rifles kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasa walikuwa Burma mwaka 1944 wakipigana na jeshi la Japani. Basi vita vilivyomfunza kijana huyu habari za kifo, babu zetu nao walikuwa ndani yake.

Baada ya vita Tezuka alisomea udaktari huko Osaka akapata cheti chake, lakini akachagua kalamu badala ya dawa. Mwaka 1952 alianza kuchora habari za mtoto wa chuma mwenye nguvu za atomu, naye akawa mashuhuri duniani. Walakini kazi aliyoihesabu kuwa ndiyo kazi ya maisha yake ni hii, jina lake Hi no Tori, yaani Ndege wa Moto. Aliianza mwaka 1954, akaichora kwa vipindi mpaka miaka yake ya mwisho. Alifariki mwaka 1989 kwa ugonjwa wa saratani ya tumbo, umri wake miaka 60, na kazi yenyewe ilikuwa haijaisha.

Ndege huyo ni wa ajabu. Akizeeka hujichoma moto, kisha huzaliwa upya katika majivu, na watu wanaamini kwamba anywaye damu yake hafi. Katika kila sehemu ya kitabu watu wa zama mbalimbali wanamwinda. Sehemu ya kwanza ni ya Japani ya kale kabisa. Sehemu ya pili, iliyotolewa mwaka 1967 na 1968, inaruka mpaka mwisho wa dunia. Hiyo ya pili ndiyo aliyokuwa akiisoma mpwa wangu, na ndiyo nitakayoieleza.

HADITHI YENYEWE

Ni mwaka 3404. Nchi ya juu imekufa; hakuna mti wala mnyama. Watu waliosalia wanakaa chini ya ardhi katika miji mitano mikubwa, na kila mji unatawaliwa na kompyuta moja. Ile ya mji wa Yamato inaitwa Hallelujah. Watu hawafikiri tena mambo yao wenyewe. Wakitaka kujua la kufanya wanaiuliza kompyuta, nayo inajibu, nao wanatii.

Katika mji huo yuko kijana jina lake Masato. Anampenda Tamami, ambaye kwa sura ni msichana, lakini kwa asili si mwanadamu. Ni kiumbe kutoka nyota nyingine, wa jamii iitwayo Moopie, wawezao kujigeuza umbo lolote na kuwaotesha watu ndoto tamu. Serikali imeamuru viumbe hao wauawe wote, kwa kuwa watu wanazama katika ndoto na kuacha kazi. Mkubwa wa Masato, jina lake Rock, anamwamuru amwue Tamami kwa mkono wake. Masato hawezi. Usiku wanatoroka wote wawili, wanapanda kwenda juu kwenye nchi iliyokufa.

Huko juu, katika nyumba ya peke yake, anakaa mzee Daktari Saruta. Kazi yake ni kujaribu kuumba viumbe upya ndani ya vyombo vya kioo. Viumbe vinaishi katika maji ya chupa, lakini vikitolewa nje vinakufa. Mzee huyu anawapokea vijana wale.

Sasa angalia jinsi dunia inavyoangamia. Kompyuta ya Yamato na kompyuta ya mji wa Lengud zinazungumza juu ya kijana aliyetoroka. Moja inasema hivi, ya pili inasema vingine. Kila moja imepiga hesabu, na kila moja inajua kwamba hesabu yake haina kosa. Watu wakigombana yuko atakayechoka, au atakayeona haya, au atakayemwonea mtoto huruma. Mashine hizi hazina hata moja katika hayo. Basi zinaamua vita, na watu wanaotii wanatii mpaka mwisho. Miji yote mitano inalipuka kwa siku moja.

Ndege wa Moto amemtokea Masato. Amemwonyesha vitu vidogo kuliko vumbi na vitu vikubwa kuliko nyota, na kwamba uhai umo katika vyote. Kisha amempa uhai usiokwisha, ili autazame ulimwengu mpaka uhai urudi tena duniani.

Mwanzoni msomaji anadhani hiyo ni zawadi. Lakini Rock, aliyekimbilia nyumba ile ile, anakufa. Mzee Saruta anakufa. Tamami, ambaye jamii yake huishi miaka mingi kuliko wanadamu, naye mwishowe anakufa. Masato anajipiga risasi, hafi. Anabaki peke yake.

Hapo ndipo pana kisa kilichonishika kuliko vyote. Masato anagundua kwamba mahali fulani pana sanduku, na ndani yake amelala mtu aliyehifadhiwa, ambaye atafunguliwa baada ya miaka elfu tano. Masato anakaa karibu na sanduku hilo akangoja. Anangoja miaka elfu tano ili apate mtu mmoja tu wa kuzungumza naye. Siku ikifika anafungua, anakuta vumbi.

Baadaye hata mwili wake unakwisha, anabaki roho tupu. Uhai unaanza tena baharini, polepole. Katika zamu moja viumbe jamii ya konokono wasio na nyumba wanapata akili, wanajenga miji, wanachukiana, wanapigana mpaka wanakwisha. Uhai unaanza tena. Baada ya miaka milioni elfu tatu mwanadamu anatokea upya, na Ndege anamchukua Masato ndani yake, na huko anamkuta Tamami. Na kitabu kinarudi pale pale sehemu ya kwanza ilipoanzia, kwa watu wa kale wanaomwinda ndege ili wasife.

DUNIA TUPU SI NDOTO TU

Nilipofunga kitabu nilishuka kutembea gatini, nikawaza kwamba nchi tupu aliyoichora Bwana Tezuka ilipata kuonekana hapa hapa.

Karibu na mwaka 1900 ugonjwa wa malale uliingia katika kando za ziwa hili, hasa Busoga, Buganda na visiwani. Mwaka 1903 wataalamu waliotumwa hapa, miongoni mwao Castellani na Bruce, walionyesha kwamba unaletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, achukuliwaye na mbung'o. Lakini dawa ya kuponya haikuwapo. Inakisiwa kwamba kwa miaka michache watu zaidi ya 200,000 walikufa. Aliyekuja kutawala Uganda mwaka 1906, Sir Hesketh Bell, aliamua kuwahamisha watu wote waliosalia kando ya maji, na kufika mwaka 1909 hata visiwa vya Ssese vilikuwa vinahamishwa. Migomba ikamezwa na msitu, mitumbwi ikaoza juu ya mchanga.

Bandari yetu ilianzishwa mwaka 1908, katikati ya mambo hayo, ikapewa jina la mtu huyo huyo. Kila tutajapo Port Bell tunamtaja aliyeamuru pwani iwe tupu ili watu wapone. Miaka ikapita, watu wakaruhusiwa kurudi, wakalima na kuvua tena.

Na ziwa lenyewe lina hadithi kama ya Masato. Wataalamu waliochimba matope ya chini yake wameona kwamba kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita ziwa lilikauka. Mahali pa maji haya tuyaonayo palikuwa nyasi. Kisha mvua zikarudi, likajaa. Katika muda huo, ulio mfupi kwa hesabu za dunia, wakatokea samaki wadogo wa namna zaidi ya 500, ambao Waganda huwaita nkejje na watu wa Mwanza huwaita furu, karibu wote hawapatikani mahali pengine popote. Ndivyo uhai urudivyo.

Lakini katika miaka ya 1950 sangara aliletwa ziwani, samaki mkubwa mla wenzake, na miaka ya 1980 alipozidi, inakisiwa namna 200 hivi za nkejje zilitoweka. Sangara ameleta viwanda na fedha, na mimi mwenyewe namla. Walakini zile namna 200 hazitarudi mpaka apite tena muda wa Masato, naye hayupo wa kungoja.

KINTU, NAMBI NA WALUMBE

Mpwa wangu alipoona nimemaliza, alirudia swali lake. Nikamwambia, "Kabla sijajibu, nisimulie habari za Kintu, kama bibi yako alivyokusimulia." Kila mtoto wa Buganda anaijua, lakini kwa wasomaji wa mahali pengine nitaieleza kwa ufupi.

Kintu alikuwa mtu wa kwanza, akikaa peke yake na ng'ombe wake. Nambi, binti wa Ggulu aliye mbinguni, alimwona akampenda. Ggulu akampa Kintu majaribu magumu, Kintu akayashinda yote, akapewa mke. Ggulu akawaonya: "Ondokeni mapema, wala msirudi nyuma hata mkisahau kitu, maana Walumbe, ndugu yake Nambi, akijua atawafuata." Na Walumbe ndiye kifo. Njiani Nambi akakumbuka kwamba amesahau ulezi wa kumlisha kuku wake. Kintu akamsihi asirudi. Akarudi. Walumbe akamwona, akamfuata mpaka duniani.

Walipopata watoto, Walumbe akaomba apewe mmoja wa kumsaidia kazi za jikoni. Kintu akakataa, na watoto wakaanza kufa. Ggulu akamtuma ndugu mwingine, Kayikuuzi, amkamate Walumbe amrudishe. Watu wakaagizwa wakae kimya ndani ya nyumba zao, wakimwona Walumbe wasipige kelele. Lakini watoto waliokuwa malishoni walimwona wakapiga kelele, naye akazama chini ya ardhi. Mashimo ya Ttanda, katika Mityana, ndiyo wanayoonyeshwa watu mpaka leo kuwa ni mahali alipoingilia. Kayikuuzi akachoka. Kintu akasema basi, na aue apendavyo, lakini watoto wa Kintu hataweza kuwamaliza.

Ukizilinganisha hadithi hizi mbili utaona jambo. Masato ni Kintu aliyegeuzwa. Kintu aliletewa kifo, akapewa watoto. Masato aliondolewa kifo, na pamoja nacho akaondolewa kila mtu. Kintu aliondoka siku moja, lakini wa kumlilia walikuwapo, na wa kuendelea walikuwapo. Masato aliishi kuliko milima, akakosa hata mtu mmoja wa kumwambia habari za asubuhi.

Mpwa wangu alifikiri kwa muda, kisha akauliza swali ambalo mimi katika miaka yangu yote sikupata kulifikiri. "Mjomba, kama Nambi asingerudi, tusingekufa. Kwa nini basi watu hawamchukii?"

Nikamwambia hivi nionavyo mimi. Nambi alikosa, naye alionywa. Lakini angalia alirudia nini. Hakurudia dhahabu wala nguo. Alirudia chakula cha kuku, kwa kuwa kuku alikuwa chini ya mkono wake na atakuwa na njaa. Mtu asiyejali hasahau kitu, wala harudi nyuma. Hadithi inatuambia kwamba kifo kiliingia duniani kwa mlango ule ule ulioingiza kujali. Na Masato naye vivyo hivyo: angemwua Tamami kama alivyoamriwa, asingepata taabu yoyote, ila angekuwa sawasawa na Hallelujah, mashine isiyo na wa kumpoteza.

"Basi kuumia kwangu," akasema, "si ugonjwa."

Nikamwambia, "La, mwanangu. Rafiki yako alikuwa chini ya mkono wako, ndiyo sababu."

JIBU LA SWALI

Kuhusu dawa yenyewe, nilimwambia kweli. Siku ile tuliyomzika mama yangu, yaani bibi yake, kama mtu angeniletea chupa ningeinywa, na ningemlazimisha kila mtu wa nyumbani ainywe. Leo nimezeeka kidogo. Nikiinywa peke yangu, nitawazika ninyi nyote, kisha nikae na sanduku miaka elfu tano. Sitaki. Tukiinywa sote, watoto watakaa wapi, na nani atamhitaji nani? Sina hakika na hilo la pili, wala Bwana Tezuka hakulijibu. Yeye alikuwa daktari, alijua kwamba kazi ya tabibu ni kukisogeza kifo mbali, na kazi hiyo ni njema. Ugonjwa wa malale leo una dawa, na hakuna mtu mwenye akili atakayetamani mwaka 1903 urudi. Kukichelewesha kifo ni wajibu wetu. Kukifuta ni jambo jingine.

Wanafunzi mtakaokisoma kitabu hiki, nawasihi mwangalie pia ile habari ya kompyuta mbili. Siku hizi mashine zinatuandikia barua na kutujibu maswali ya shule, nazo zina faida. Bwana Tezuka hakusema zivunjwe. Alionyesha hatari ya mtu kuipa mashine neno la mwisho juu ya nani aishi na nani afe, kisha akatii tu kwa sababu hesabu haina kosa. Rock alikuwa na akili nyingi kuliko Masato, na cheo kikubwa zaidi. Alichokosa ni ule uwezo wa kusema, "Hili silifanyi."

Nanyi mliomaliza shule kama mimi, msiwanyang'anye watoto vitabu hivi kabla ya kuvisoma. Viko vya upuuzi, kama vilivyo vitabu vyote. Lakini nilikaa na mpwa wangu miezi mingi nikijaribu kumtuliza kwa maneno yangu, nikashindwa, kisha picha za mtu wa Osaka aliyekwisha kufa zikafungua mlango kwa siku nne.

Siku moja kabla ya kurudi shule, mpwa wangu alisema anataka kushuka ufukoni. Tulikwenda pamoja mpaka mitumbwi inapofungwa. Mvuvi mmoja alikuwa akijiandaa kuondoka na abiria wawili kwenda visiwani, na makoti ya kuokolea yalikuwa yamerundikwa chini ya nyavu nyuma ya mtumbwi. Mpwa wangu akamwamkia kwa heshima, akamwambia, "Mzee, tafadhali, wavalishe kwanza." Mvuvi alimtazama, labda akitaka kumwambia yeye ni mtoto. Kisha akayavuta makoti, akamrushia kila mmoja lake, akavaa na la kwake.

Wasomaji wapenzi, wengi wenu mnavuka ziwa hili kuja shule na kurudi makwenu. Vaeni makoti hayo, msiondoke usiku ziwa likichafuka, na mkiona mwenzenu hajavaa, mwambieni, hata kama ni mkubwa wenu. Walumbe hatuwezi kumrudisha kwao, maana Kayikuuzi mwenyewe alishindwa. Lakini si lazima tumrahisishie kazi yake.

Mwanafunzi wa Zamani, Port Bell